Bustani za nyumbani Mtwara: tuachane kabisa na mbolea na dawa za dukani?

Wadau, naomba tujadili. Siku hizi hapa mjini kila mwenye kiwanja ana matuta ya mchicha na bamia, na ukimgusa tu anakwambia "mimi kilimo hai, ya dukani sitaki". Na mimi nimo. Nina matuta manne Shangani, nyuma ya jiko. Ila ushabiki umenichosha. Majuzi jirani kanikuta na kiganja cha mbolea ya urea, kanitazama kama natia sumu kisimani.

Kwa samadi sina ubishi. Mchanga wetu haukai na maji, urea ukiiweka mvua inaishusha chini na hela yako. Tatizo langu ni hizi "dawa za asili". Niliambiwa niroweke tumbaku usiku kucha, ninyunyizie nyanya. Vidukari walikufa kweli. Baada ya wiki kadhaa majani machanga yakaota mabaka ya njano na kujikunja, miche sita nikaing'oa. Je, asili ndiyo salama?

Mama wa Chuno: Tumbaku ulijitakia, kaka. Mimi natwanga mbegu za mwarobaini, naloweka, nachuja, natia sabuni kidogo, napiga jioni jua likizama. Mchicha naung'oa wiki ya nne, watoto wanakula siku hiyohiyo. Hiyo sumu ya dukani ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nani anasubiri hapa, wakati mboga inachumwa ugali ukiwa jikoni?

Mstaafu wa ugani, Newala: Mama ana hoja nzito hapo kwenye siku za kusubiri. Kuhusu nyanya: sijaziona, lakini tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja, na kirusi cha batobato cha tumbaku, kile kinacholeta mabaka, kinahamia kwenye nyanya, hata kwa mikono ya mvutaji. Tena nikotini ya tumbaku ni sumu, inapenya ngozi. Mwaroweka kwenye ndoo ya kuogea! Na mnaojisifu hamtumii kemikali, salfa tunayopulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga mnaiitaje? Inanunuliwa dukani, imefungwa kwenye mfuko, na viwango vingi vya kilimo hai vinairuhusu. Mpaka wenu mmeuchora wapi?

Nipo Lindi: Sri Lanka walipiga marufuku mbolea za viwandani mwaka 2021. Mavuno ya mpunga yakaanguka, na kabla mwaka haujaisha serikali ikalegeza. Tusiige.

Mama wa Chuno: Matuta mawili ya mchicha yamekuwa Sri Lanka? Wao walikuwa wanalisha nchi, mimi nalisha watu saba, na banda la kuku lipo hapohapo.

Mstaafu wa ugani, Newala: Hilo nakubali. Ila samadi ya kuku usiitie mbichi, inaunguza mizizi na vijidudu vinabaki kwenye majani. Lundika, nyeshea, geuza, iache hata miezi mitatu. Ukitia mkono ndani haina joto na hainuki, iko tayari.

Mwanzisha mada: Basi urea nitaiweka kando kwenye mchicha, niijaribu samadi iliyoiva. Dawa ya dukani siapi kuiacha. Funza wa nyanya akija tutaonana. Mama, gunia moja la samadi ya banda lako unaniuzia bei gani? Ila iwe imeshapoa.