Mbwa wa shamba la Rufiji: German Shepherd, Boerboel, Ridgeback au wetu wa kienyeji?

Mwana wa Muhoro

Wakuu, habari za jioni. Nimeachiwa shamba na mzee upande wa Muhoro, Rufiji. Mpunga uko bondeni, korosho na ufuta juu kidogo, na kuna mbuzi wachache. Nahamia huko na familia baada ya mavuno, na nataka mbwa wa kazi, si wa kupiga naye picha.

Mafuriko ya Aprili 2024 mliyaona, watu walitolewa kwa mitumbwi. Masika barabara ikikatika hupati daktari wa mifugo wala bucha. Mbwa ninayemtaka aweze kuishi hali hiyo na bado abwekee nguruwe pori usiku, atushtue akija mnyama mkali au mwizi, na asimng'ate mwanangu. Nimefikiria German Shepherd, Boerboel (lile jitu la ulinzi la Afrika Kusini), Ridgeback na Malinois (wa polisi, wa Ubelgiji). Kuna jamaa Dar ana watoto wa Boerboel, kichwa kama ndoo. Nishaurini.

Askari Mstaafu

Malinois mtoe kwenye orodha leo hii. Nimefanya kazi na mbwa miaka mingi na hakuna ninayempenda kama huyo, lakini ana askari wake, ratiba yake na mazoezi kila siku. Pale Usa River, Arusha, African Wildlife Foundation wamekuwa wakifundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu tangu 2014, na mbwa mmoja ana watu wa kumhudumia mchana na usiku. Ukimleta shambani akae bure, atakula mlango. Au atachunga mbuzi wako mpaka wafe kwa kukimbizwa.

German Shepherd ana akili na anafundishika, ila dume ni kilo 30 mpaka 40, na manyoya yale kwa joto la Rufiji ni mateso. Na nyonga zao huharibika, ni ugonjwa wa ukoo. Wauzaji wetu wengi hawapimi chochote.

Kijana wa Sinza

Boerboel mkuu. Mwizi akimwona tu anageuza.

Askari Mstaafu

@Kijana wa Sinza mwizi anageuza, nguruwe je? Boerboel anafika kilo 60 hata 80. Barabara ikikatika wiki tatu, huyo utamlisha nini? Na siku ya kupanda mtumbwi utambeba wewe?

Dokta Mifugo Moro

Nawasoma, na naona mnabishana ukubwa wa kichwa wakati Rufiji kinachoua mbwa wa kizungu ni mbung'o. Mbwa akipata nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, huchemka homa, uso unavimba, jicho linaingia ukungu wa rangi ya maziwa yenye ubluu, anakonda na kuishiwa damu, na ndani ya wiki chache ameondoka. Wa kienyeji naye anaugua, asikudanganye mtu, lakini aliyezaliwa na kukulia huko, kwa mama aliyeishi huko, ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Mbwa wa Mbezi Beach kule Dar hajawahi kuumwa na mbung'o hata mmoja.

Na tafadhali, msichukue Berenil, dawa ya nagana ya ng'ombe, mkampiga mbwa sindano kwa kukadiria kwa jicho. Kwa mbwa kipimo cha kutibu na kipimo cha kuharibu ubongo vimekaribiana mno. Nimeletewa mbwa waliopona nagana wakabaki hawawezi kusimama.

Kupe ni balaa la pili, hasa kwa mwenye manyoya marefu, maana huwaoni mpaka fizi zimekuwa nyeupe.

Halafu chakula. Baada ya mafuriko watu wana magunia ya mahindi yaliyolowa, wanasema "haya mpe mbwa". Usimpe. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na mbwa ni katika wanyama wanaouawa nayo haraka sana, ini linaisha. Afadhali alale na njaa siku mbili.

Kwa hiyo jibu langu: wa kienyeji, wawili, dume na jike, kutoka vijiji vya hapo hapo. Ukitaka mwili kidogo, tafuta chotara wa Ridgeback.

Bibi Shamba Kibiti

Ahsante daktari. Mwanangu Mwana wa Muhoro, mzee wako bila shaka alikuwa na dungu shambani, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mazao. Sisi tumelala kwenye madungu tangu wasichana, tunafukuza nguruwe kwa kupiga madebe. Simba wanafuata nguruwe, nguruwe wanafuata mpunga, na mtu amelala katikati. Yule simba waliyembandika jina la Osama aliua watu zaidi ya 30 Rufiji hii, kati ya 2002 na 2004. Mbwa hawezi kupigana na simba, hata huyo wa kichwa kama ndoo. Kazi yake ni kukuamsha. Mbwa wa kijijini hulala jicho moja, akinusa kitu sauti yake inabadilika, na ukikaa naye unajua hii ni ya fisi, hii ya mtu, hii ya nguruwe. Mbwa mmoja peke yake huogopa akanyamaza, wawili wanapeana moyo.

Chui je? Chui anampenda sana mbwa. Usiku waingie bandani au wawe karibu na moto.

Mfugaji Ruvu

Nimtetee Ridgeback kidogo. Huyu si mgeni kabisa. Ule mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni ameurithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi, na vigezo vyake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Manyoya mafupi, anavumilia jua, habweki ovyo. Ila hilo la mwisho kwako ni kasoro, wewe unataka kelele.

Kijana wa Sinza

Kwa habari ya kelele, kuna Basenji wa Kongo habweki kabisa, wawindaji wanamfunga kengele ya mti shingoni wajue alipo 😂 Au chukua panya wa SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, shirika la APOPO linawafundisha hadi kutafuta waliofukiwa na kifusi. Tena hali chakula kingi.

Abuu Swafiya

Ndugu yangu, Muhoro majirani wengi ni Waislamu, kwa hiyo ulipange mapema. Mbwa wa kulinda shamba, mifugo au wa kuwinda ameruhusiwa, hilo lipo wazi. Lakini awe na banda lake nje na chombo chake, asizurure vibarazani mwa watu. Akiramba chombo tunakiosha mara saba, moja kwa udongo. Ukiwa na adabu hiyo, majirani hao hao ndio watakuomba vitoto.

Mwana wa Muhoro

Nimewasoma wote, shukrani, bibi shikamoo. Boerboel nimemwacha. Nataka wawili wa kienyeji, na kama nitapata chotara wa Ridgeback jike nitaongeza. Maswali mawili: nichague vipi kitoto, na mafuriko yakija niwafanyeje?

Bibi Shamba Kibiti

Marahaba. Mwangalie mama kwanza. Mama mkali kwa mgeni na mpole kwa watoto wa nyumba ile, chukua kwake. Mama anayekula mayai ya kuku, muache.

Maji yakianza kupanda fungua minyororo yote mapema. Mbwa waliokufa mwaka ule wa mafuriko wengi walikuwa wamefungwa. Akiwa huru atatafuta kichuguu. Na usimwache anywe mtoni, mamba wa Rufiji nao wanakula mbwa.

Dokta Mifugo Moro

Kitoto kichanje akiwa na wiki 6 mpaka 8, rudia kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afike wiki 16, parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, haisamehi. Kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka. Ulizia chanjo yenye kinga ya homa ya mgunda, maana maji ya mafuriko yanabeba mkojo wa panya, na Lindi tuliuona ugonjwa huo kwa watu mwaka 2022. Haya yote yafanyike kabla ya masika.

Mtoto aking'atwa, hata na mbwa wenu wenyewe: maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Kama barabara imekatika, pandeni mtumbwi.

Kijana wa Sinza

Sasa yule Boerboel wa Dar anauzwa bei gani? Naulizia tu.