Yule jamaa asiyefunga madigadi: leo nimekula barabara nzima kwa mdomo

Pancha ya Pili (mleta uzi)

Wakuu, naandika vidole vinauma, nikikosea herufi mvumilie. Nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua, kwa sababu nikioga hasira itapoa na mimi leo sitaki ipoe.

Mnamjua. Jina sitaji, hana haja ya kutajwa. Yule wa baiskeli ya kaboni inayong'aa hata miezi ambayo jua lenyewe limekata tamaa. Yule anayepima boliti kwenye mizani. Yule ambaye kila baridi ikianza anaulizwa, "Kaka, madigadi vipi?" na kila mwaka jibu ni lile lile, eti yanaharibu umbo. Huyo huyo.

Leo barabara imelowa chepechepe, mvua imenyesha usiku kucha, nyuzi 3, lile baridi lenye unyevu linalotafuta zipu usiyofunga vizuri. Msafara mzima umefunga madigadi. Hata Mzee wa Friwili kafunga, ya kwake yameshikiliwa na kamba, lakini kafunga. Tairi la nyuma lililo uchi ni moja tu. Na nani kaangukiwa na bahati ya kukaa nyuma yake? Usijibu.

Kwa ambao hawajawahi kuonja: tairi linapanda na maji, linayaachia juu, yanatoka mstari mmoja mwembamba kama bomba la kumwagilia bustani, na mstari huo unaishia pale pale ulipo uso wa mtu aliyeinamia usukani. Kifua kinapona. Magoti yanapona. Mdomo hauponi. Na hayo si maji, wakuu. Ni maji, mchanga, oili ya malori, chumvi waliyomwaga usiku barafu isishike, na kitu ambacho ng'ombe alikiacha barabarani kwa nia njema kabisa.

Nikisogea kulia, upepo wote wangu. Kushoto mtaro. Nikirudi nyuma kidogo nakosa pa kujificha, na mnaijua miguu yangu msimu huu: nikiachwa kwenye upepo wa mbele nafika nyumbani wajukuu wameoa. Basi nimebaki pale pale, nakula.

Miwani ikajaa. Nikafuta kwa glavu. Glavu nayo ina tope, nikapaka tope jipya juu ya la zamani. Nikavua miwani, chembe ya mchanga ikaingia jichoni. Sasa naendesha jicho moja limefumba, mdomo umefumba, napumua kwa pua, na pua yenyewe inatiririka. Ndipo nikamwambia, kwa heshima zote, "Kaka, tairi lako linatumwagia huku."

Akageuka. Nusu uso tu. Uso MKAVU, wakuu, ndevu zimechanwa. Akasema:

"Kama hutaki kulowa, njoo mbele."

NJOO MBELE.

Mimi. Anajua kabisa. Mara ya mwisho nilipokaa mbele watu waliuliza kama tumesimama tunamsubiri mtu. Anajua, na ndiyo sababu alilisema, tena kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa msafara. Na watu wakacheka. Yule dada wa taa ya kupepesa alicheka mpaka baiskeli ikayumba.

Tulipopumzika akageuka kutuonyesha mgongo wake, una mstari wa tope kuanzia kiunoni hadi shingoni, na ANAJIVUNIA. Ndugu yangu, mgongo ni wako, ufanyie upendavyo, uupake lami. Uso huu ni wangu. Njoo mbele!

Njia nzima ya kurudi nimetunga majibu. Jibu zuri limenijia nikiwa natafuta funguo mlangoni. Nimechelewa.

Pendekezo langu: asiye na madigadi kipindi cha baridi akae mkiani, mwisho kabisa, ammwagie kivuli chake. Nimemaliza. Hapana sijamaliza. NJOO MBELE?

Siti ya Mbele

Nimewahi siti ya mbele. Huku hakuna tope.

Mnyororo Mkavu

Pole sana mkuu. Ila swali dogo tu, bila ubaya: kwa nini hukwenda mbele?

Pancha ya Pili

Wewe Mnyororo ulikuwepo, ulicheka, nimekuona kwa jicho lililobaki.

Goti Bovu

Uzi bila picha ni chai. Weka uso tuuone.

Mzee wa Friwili

Naona nimetajwa. Ile kamba ni bora kuliko hizo plastiki zenu za kubana, zinazolia tratratra kila penye shimo. Kamba hailii. Kamba haikatiki kwa baridi. Endeleeni.

Goti Bovu

Hivi mleta uzi unajua Bernard Hinault, yule Mfaransa bingwa wa baiskeli, mwaka 1980 alishinda mbio za Liège–Bastogne–Liège kule Ubelgiji ndani ya theluji? Walianza watu 174, wakafika 21. Wa pili alimwacha zaidi ya dakika 9. Vidole vyake viwili havijarudi sawa tangu siku ile. Hakufungua uzi.

Pancha ya Pili

Hinault alikuwa PEKE YAKE mbele! Nani wa kumrushia?

Goti Bovu

Ndiyo maana ya njoo mbele sasa.

Mnyororo Mkavu

Hahahahaha, uzi ufungwe.

Kijana wa Mkiani

Samahani wakuu, mimi ni mgeni humu, huwa nasoma tu. Leo nilikuwa nyuma ya mleta uzi. Madigadi yake ni yale mafupi ya kubandika, yanaishia hapo kwenye breki. Yanakinga makalio yake, mtu wa nyuma hayamkingi. Nimekula tope la kutosha kutoka kwake. Sikusema kitu, nikafumba mdomo nikaendelea.

Siti ya Mbele

Aisee. Nasogeza kiti karibu.

Pancha ya Pili

Kijana, hilo lilikuwa tope la yule jamaa lililopita juu yangu. Fikiria kidogo.

Kijana wa Mkiani

Lilikuwa linatoka kwenye tairi lako, mkuu.

Pancha ya Pili

Chai.

Fundi Spoku

Tusaidiane kitaalamu hapo, maana naona watu wanafunga madigadi kwa kujifurahisha. Ili mtu wa nyuma apone, la nyuma lishuke chini sana, lipite usawa wa ekseli, halafu mwishoni uongeze kipande cha mpira, hata kitako cha chupa ya plastiki kinatosha, kikaribie kugusa barabara. Bila kile kipande ni urembo. La mbele nalo liwe refu, la sivyo viatu vyako vyenyewe vitajaa maji na vidole vya miguu utavisahau. Na mkiwa na tairi za milimita 28 punguzeni upepo kidogo wakati wa mvua, zinashika zaidi. Mtu anajaza tairi mpaka linakuwa jiwe, halafu anashangaa kona imemtupa.

Bi Gia

Mimi ndiye "dada wa taa". Ina jina ile, inaitwa kuonekana. Saa kumi na moja jioni giza, ukungu, madereva wamesinzia, mnataka niwashe kibiriti?

Upepo wa Mbele

Dada Bi Gia, kuonekana sawa. Lakini ile inayopepesa, ukikaa nyuma yako robo saa unaanza kuona marehemu wa ukoo. Ndani ya msafara weka mwanga uliotulia, kupepesa uachie ukiwa peke yako. Nimekuomba mara ngapi?

Bi Gia

Na wewe Upepo, ukiacha kupenga kamasi bila kugeuka nyuma, nitazima taa siku hiyo hiyo.

Upepo wa Mbele

Baridi inatoa kamasi, mimi siitoi. Hewa kavu ya baridi ikiingia puani, pua inatengeneza maji ili kuilainisha. Ni mwili.

Bi Gia

Mwili wako. Begani kwangu. Nilidhani theluji imeanza.

Mzee wa Friwili

Zamani mtu akitaka kupenga alikuwa anatoka pembeni, anaangalia upepo unatoka wapi, anabana tundu moja, anamaliza. Upande wa upepo haupengi! Hata mtoto mdogo anajua. Na zamani tulikuwa tunaweka gazeti kifuani chini ya jezi kabla ya mteremko, upepo haupiti. Siku hizi mtu ana koti la kila aina na bado analia.

Goti Bovu

Mzee, siku hizi gazeti linapatikana wapi?

Mzee wa Friwili

Ndiyo matatizo yenu.

Pancha ya Pili

Jamani. Njoo mbele. Mtu mzima kanigeukia akasema njoo mbele. Tumelielewa hilo?

Mnyororo Mkavu

Tumelielewa mkuu, na nafasi bado iko wazi.

Kengele Haisikiki

Mimi ngoja niseme langu kwa sababu limenikaa. Kuna yule mwingine, nanyi mnamjua, anayepanga safari. Usiku anaandika kwenye kundi kwa herufi kubwa: KESHO HAKUNA VISINGIZIO. Unaamka usiku wa manane, unavaa nguo safu tatu, unafunga vifuniko vya viatu kwa meno kwa sababu vidole havikubali, unafika pale mnapokutania, unasimama na baridi inapanda kwenye pedeli hadi magotini. Ndipo ujumbe unaingia: "Wakuu nimeamka na mafua kidogo, nendeni tu." Umeamka? Umeandikia kitandani! Nimesikia blanketi kwenye maandishi.

Upepo wa Mbele

Huyo ni baba wa matatizo yote. Tope linaoshwa.

Bi Gia

Na jioni yake anaweka kwenye kundi safari aliyofanyia sebuleni kwenye baiskeli iliyofungwa kwenye stendi, eti kilomita 60, mwendo wa wastani 38. Sebuleni hakuna upepo, baba! Mimi kwenye nyuzi sifuri, mwendo wa kilomita 30 kwa saa tu, hewa imetulia, ngozi inasikia nyuzi 6 chini ya sifuri. Yeye amefungulia feni.

Fundi Spoku

Sebuleni nako si mchezo, jasho lile linaoza usukani na kula boliti za stelingi. Nimeletewa nyingi.

Pancha ya Pili

Sawa, lakini huyo wa mafua hajawahi kukwambia njoo mbele.

Kengele Haisikiki

Hajawahi kuwepo aniambie.

Mnyororo Mkavu

Nyie semeni hayo yenu, mimi vita yangu iko nyumbani. Ukirudi na baiskeli ina chumvi, lazima uioshe siku hiyo hiyo, ukiiacha mpaka kesho mnyororo umeota kutu. Nje maji yameganda kwenye mpira. Nikaiingiza bafuni. Wakuu, shemeji yenu alisimama mlangoni akaangalia taulo, akaangalia friwili, akaangalia taulo tena. Hajasema neno mpaka sasa na hilo ndilo linaloniogopesha.

Goti Bovu

Taulo gani?

Mnyororo Mkavu

Jeupe.

Siti ya Mbele

Innalillahi.

Kijana wa Mkiani

Wakuu, naomba msaada kama mgeni. Vidole vyangu vinakufa ganzi kabla ya saa moja kwisha, halafu nikifika nyumbani vikianza kupata joto vinauma mpaka natoa machozi. Glavu nimevaa mbili mbili.

Fundi Spoku

Mbili mbili ndizo zinazokuponza, kijana. Zikibana, damu haipiti. Vaa moja pana yenye kuzuia upepo, ndani yake nyembamba kabisa isiyobana. Na usivitie vidole kwenye maji ya moto ukifika, utajuta. Ya vuguvugu.

Pancha ya Pili

Kijana nasikitika kuhusu vidole vyako, ila huu ni uzi wa madigadi. Kichwa cha habari kiko juu pale.

Bi Gia

Kijana, achana na glavu za vidole vitano. Tafuta zile zinazoweka vidole viwili viwili pamoja. Vinapeana joto. Tangu nimezipata silii tena.

Upepo wa Mbele

Huoni ndiyo maana breki zako zinachelewa? Juzi nusura uniingilie kwenye kona.

Bi Gia

Breki zangu zinachelewa kwa sababu ni za kubana rimu na rimu imelowa, lazima izunguke kwanza ifutwe maji ndipo zishike. Glavu haina kosa. Kaa mbali na tairi langu.

Mzee wa Friwili

Mimi navaa soksi mikononi. Za sufu.

Kijana wa Mkiani

Dada, sasa hizo za viwili viwili, gia unabadilishaje?

Bi Gia

Sibadilishi.