Rafiki yangu anatoka Tanga, tuna siku moja tu Kampala

Binti wa Kambi, Jinja

Habari zenu ndugu. Naomba msaada wa wanaoijua Kampala vizuri. Mimi nimekulia kambini Jinja, baba alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili ndicho tulichokizungumza nyumbani. Kampala naijua kwa kubadilisha magari tu: nashuka kwenye takisi (ndiyo daladala zetu), nanunua kilichonipeleka, napanda nyingine narudi.

Jumamosi ijayo anakuja rafiki yangu wa Tanga niliyesoma naye ualimu. Hatujaonana miaka minane. Basi lake linafika alfajiri, na saa mbili usiku anapanda jingine kwenda Kigali kwenye harusi ya kaka yake. Nimeandika hivi: msikiti wa Old Kampala, Namirembe, Rubaga, makaburi ya wafalme Kasubi, Makumbusho, hekalu la Wabahai, Makerere, soko la Owino, na jioni ziwani Ggaba. Dada yangu kaisoma, akaniambia tutaona madirisha ya takisi tu. Nipunguze nini? Mgeni wangu ni Mwislamu, anapenda historia, na kutembea kwa miguu hakumchoshi. Mfuko wetu ni wa walimu.

Mzee wa Bombo

Mwanangu, dada yako kasema kweli. Nimeendesha takisi Bombo–Kampala miaka ishirini na mbili, na jamu ya Jumamosi naijua. Wabahai wako Kikaya, kaskazini. Ggaba ni kusini, ziwani. Ukitaka vyote viwili, siku imekwisha ukiwa umekaa kwenye kiti. Toa vyote. Makumbusho nayo yako Kira Road, upande mwingine wa mji. Yana siku yake.

Shika vilima vilivyo jirani: Old Kampala, Namirembe, Mengo. Hivyo unavimaliza kwa miguu.

Anzeni msikitini mapema, kabla vumbi na moshi havijaufunika mji. Ulianza kujengwa enzi za Amin, ukakaa gofu miaka mingi mpaka Gaddafi wa Libya alipotoa fedha ukamalizika. Mnara una ngazi 304. Pandeni polepole, na mkifika juu msikimbilie kupiga picha. Zungukeni kwanza pande zote. Mtaona Waanglikana juu ya Namirembe, Wakatoliki juu ya Rubaga, msikiti mwingine Kibuli, Kabaka, mfalme wa Buganda, Mengo, wanafunzi Makerere. Kila kilima kina mwenyewe. Na hapo hapo mliposimama ndipo Lugard, kapteni wa Kiingereza, alipopiga boma lake mwezi Desemba 1890.

Mgeni wako umwambie na hili, maana linamhusu. Wafanyabiashara waliotoka pwani walifika Buganda mwaka 1844, Kabaka akiwa Suna, miaka 18 kabla ya Speke, mpelelezi wa Kiingereza. Uislamu uliingia nao, na Kiswahili kikaja na misafara yao. Atakutana na watu wa kumwambia kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Sisi Wanubi, wajukuu wa askari, tumeyasikia hayo maisha yetu yote. Asivunjike moyo. Kiswahili kilifika kwa Kabaka kabla hakijafika kambini.

Halafu shukeni Mengo. Kutoka lango la Lubiri, jumba la Kabaka, mpaka Bulange, bunge la Buganda, kuna barabara iliyonyooka, Kabaka Anjagala, na kando yake kuna sanamu za miziro, yaani alama za koo za Baganda. Katikati kuna mzunguko wa magari, na ndani ya mzunguko kuna njia iliyonyooka yenye lango. Hiyo ni ya Kabaka peke yake. Sisi wengine wote tunazunguka.

Mama Vitenge

Mzee kamaliza vilima, mimi niseme ya tumbo na mfuko, maana nauza Owino mwaka wa kumi na tano sasa.

Dada, mizigo iacheni kwenye ofisi ya basi na mdai risiti. Sokoni mkoba uwe kifuani. Boda kila mtu apande yake, na bei mpatane kabla hamjakaa. Ukifika kwenye meza ya mtu usianze na Kiswahili, atadhani mmeshuka kwenye ndege. Msalimie kwanza kwa Luganda, asubuhi "wasuze otya nnyabo", mchana "osiibye otya", kisha endelea na Kiswahili chako. Mimi mwenyewe anayenisalimia namshushia.

Mchana kuleni luwombo: nyama au kuku na mchuzi wake, vimefungwa kwenye jani la mgomba lililobabuliwa motoni, vikapikwa kwa mvuke. Waulizeni aliyechinja ni nani, Kampala hakuna anayechukia swali hilo. Pamoja na matoke, siyo chips! Mtu hatoki Tanga kuja kula chips.

Muganda wa Nansana

Mnamwondolea mgeni Kasubi? Muzibu Azaala Mpanga, ile nyumba kubwa ya makaburi, ilijengwa mwaka 1882, na Kabaka wanne wamelala mle. Iliungua tarehe 16 Machi 2010 na tulilia barabarani watu wazima. Paa la nyasi ni kazi ya ukoo wa Ngeye tu, na pete 52 ndani ya paa ni za koo zetu. UNESCO waliitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Kwa boda kutoka Namirembe si mbali. Ulizieni kwanza kama wanapokea wageni siku hiyo, na mvae nguo ndefu.

Binti wa Kambi, Jinja

Nimerudi, na asanteni nyote kwa moyo wangu wote.

Basi lilichelewa likafika saa nne, kwa hiyo Kasubi hatukuifikia. Ndugu wa Nansana, naomba uniwie radhi, nitaenda peke yangu nikakuletee habari.

Msikitini mimi nisiye Mwislamu nilipewa nguo ya kujifunika, rafiki yangu akanifunga ushungi mwenyewe. Ngazi alizihesabu kwa sauti, alipofika mia mbili akanyamaza akabaki kuhema. Juu kuna upepo. Tulizunguka kama Mzee alivyosema. Akaniuliza, "Kwenu ni upande gani?" Nikamwonyesha mashariki, naye akatazama huko muda mrefu kuliko alivyotazama vilima.

Namirembe tulipita haraka, kulikuwa na harusi. Lubiri ndiko tulikokaa. Tulilipa kiingilio tukapewa kijana wa kutuongoza. Alituonyesha jumba lililoshambuliwa na jeshi Mei 1966, Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza. Kisha akatupeleka kwenye lile handaki la enzi za Amin: vyumba vya zege vyenye giza, maji sakafuni yaliyotiwa umeme ili asitoke mtu. Baba yangu aliingia jeshini miaka mingi baadaye, na alikuwa mtu mpole. Lakini niliposimama mlangoni nilijua waliokuwa wakitoa amri mle ndani walizitoa kwa lugha niliyoimbiwa nikiwa mtoto. Miguu ilikataa. Mwenzangu hakuniuliza kitu. Alinishika mkono tukabaki nje, na kijana wetu akasimama nasi kimya. Mzee, hapo ndipo nilipomsimulia habari yako ya mwaka 1844. Nilihitaji kuisema kuliko yeye alivyohitaji kuisikia.

Luwombo tulikula Mengo saa tisa, ya kuku, aliyechinja ni Mwislamu. Rafiki yangu alifungua jani, mvuke ukampanda usoni, akafumba macho.

Mama Vitenge, Owino tulifika mvua ikinyesha, meza nyingi zimefunikwa. "Osiibye otya nnyabo" ilifanya kazi. Kitenge cha elfu hamsini tulikipata kwa elfu thelathini na tano, na mama yule akaniuliza kijiji changu.

Saa moja na nusu tulikuwa ofisini kwa basi tumelowa. Nilimnunulia rolex mbili, chapati zilizoviringishiwa mayai, kwa kijana wa chapati aliye getini, mayai matatu kila moja, kabichi na nyanya, zimefungwa kwenye gazeti. Saa nane usiku ujumbe ukaingia: yuko Mbarara, moja kaila, ya pili kampa mama aliyekaa naye, na anataka kujua unga wake unakandwaje.