Theluthi mbili: tumelikaba Bunge, Baraza la Mawaziri tumeliacha lipite

Kila tukianza kuzungumzia kanuni ya jinsia ya theluthi mbili hapa Kenya tunaishia palepale: gharama ya viti vya ziada bungeni. Mmoja atasema waheshimiwa wametosha, mwingine atasema wanawake washuke uwanjani wagombee kama wanaume, kisha tunaagana hadi uchaguzi ujao. Leo naomba tuliweke Bunge kando kidogo tujadili uteuzi. Kwenye uteuzi hakuna mpiga kura wa kusingiziwa. Kuna orodha, na kuna mtu aliyeiandika.

Kifungu cha 27(8) cha Katiba ya 2010 kinataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika chombo chochote cha kuchaguliwa au cha kuteuliwa. Bunge limeshindwa kulitekeleza hilo na historia yake mnaijua. Desemba 2012 Mahakama ya Juu ililipatia muda hadi tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, ndiye pekee aliyekataa kusubiri. Bunge likajiongezea mwaka. Mswada wa 2016 ukapata kura 195 wakati zilihitajika 233. Ule wa Februari 2019 ulikufa kwa sababu waliofika ukumbini hawakutosha hata kuupitisha. Septemba 2020 Jaji Mkuu aliyemfuata Mutunga, David Maraga, akamshauri Rais alivunje Bunge, Mahakama Kuu ikasimamisha ushauri huo, na waheshimiwa wakamaliza muhula wao bila wasiwasi. Walikuwa wakiombwa wajipunguzie sauti bungeni kwa kura zao wenyewe. Sikushangaa.

Sasa lile Baraza. Desemba 2016 Jaji Joseph Onguto aliamua kwamba Baraza la Mawaziri la Uhuru Kenyatta lilikiuka kanuni hii, ila akasitisha amri yake hadi baada ya uchaguzi wa 2017. Mwaka 2022 William Ruto akafanya kampeni akiahidi wanawake nusu ya Baraza. Septemba akasoma orodha ya mawaziri 22. Wanawake walikuwa 7. Achana na nusu, ambayo ni 11. Ili wanaume wasizidi theluthi mbili ya 22 walihitajika wanawake 8. Alikosa mmoja! Na ukilihesabu Baraza kama Katiba inavyolieleza, yaani pamoja na Rais, Naibu wake na Mwanasheria Mkuu, wote wanaume wakati huo, unapata 7 kati ya 25.

Hapa ile hoja ya gharama haina pa kusimama. Waziri mwanamke halipwi mshahara wa pili juu ya ule wa mwanamume aliyeachwa. Hakuna kiti kinachoongezwa wala mswada unaohitajika. Kilichohitajika ni jina moja lifutwe na jingine liandikwe, ila jina la kufutwa lina wenyewe: kuna chama tanzu kilichoahidiwa, kuna eneo linalosubiri “mtu wetu”, kuna mfadhili wa kampeni.

Linganisheni na Mahakama. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilianza na wanawake 2 kati ya majaji 7. Mawakili wanawake wa FIDA walikwenda kortini kupinga wakashindwa. Lakini Martha Koome alipoapishwa kuwa Jaji Mkuu, Mei 2021, wanawake walifika 3 kati ya 7, na cheo cha Naibu Jaji Mkuu kilikuwa kimeshikwa na wanawake tu tangu kiundwe: Nancy Baraza, Kalpana Rawal, kisha Philomena Mwilu. Majaji wa kiume hawana moyo mwema kuliko wanasiasa. Tofauti iko kwenye Tume ya Huduma za Mahakama, inayopendekeza majaji. Katiba imeipanga Tume yenyewe kwa jinsia: mawakili huleta mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wawakilishi wa umma ni hivyohivyo, na kati ya jaji wa Mahakama Kuu na hakimu lazima mmoja awe mwanamke. Nafasi hutangazwa, watu wanaomba, na usaili wa 2021 tuliutazama wote kwenye runinga, maswali mengine yakituudhi. Mwanamke aliyepita hapo hawezi kuambiwa amebebwa.

Pendekezo langu: orodha ya mawaziri ikifika bungeni na haijatimiza theluthi, Spika airudishe yote kabla Kamati ya Uteuzi haijamhoji hata mtu mmoja. Karibuni.

Mkazi wa Ukunda: Ndugu, hesabu zako sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba mtu wa kuteuliwa ni wa aliyemteua, awe mke awe mume. Huku Kwale tuna gavana mwanamke, Fatuma Achani, na hakuteuliwa na mtu. Tulipanga foleni tukampigia kura. Ndiyo maana akisema neno lina uzito. Nyinyi mwataka kutuletea mawaziri wa kujaza nafasi, kisha wakivurunda mseme wanawake wanaonewa. Waacheni wapande ngazi wenyewe. Mwaka 2013 hakukuwa na gavana mwanamke hata mmoja, 2017 wakawa watatu, 2022 wakawa saba. Mwenda pole hajikwai.

Mwanzilishi: Kaka wa Ukunda, umenipa mfano mzuri kuliko niliokuwa nao. Achani alikuwa Naibu Gavana kwa mihula miwili, 2013 hadi 2022. Na naibu hapigiwi kura peke yake. Huchaguliwa na mgombea ugavana awe mgombea mwenza wake. Salim Mvurya aliandika jina lake kwenye fomu, watu wa Kwale wakamwona akifanya kazi kwa karibu miaka kumi, halafu wakampa kura. Kwa hiyo ngazi unayoisifu ilianzia kwenye uamuzi wa mtu mmoja. Na hiyo pole yako: wabunge wa majimbo wanawake walikuwa 16 mwaka 2013, 23 mwaka 2017, 29 mwaka 2022, kati ya majimbo 290. Wanaongezeka sita au saba kila uchaguzi. Piga mwenyewe hesabu ya lini watafika 97.

Mama wa Bahati, Nakuru: Mimi ni mwanamke na siungi mkono upande wowote bado. Mnaongea juu ya wakubwa wa Nairobi tu. Shukeni mabunge ya kaunti muone theluthi iliyotimia. Katiba iliwapa kaunti dawa yao: baada ya uchaguzi, vyama huongeza wanawake wa kuteuliwa hadi hesabu ikae sawa. Ilibidi, maana mwaka 2013 wadi 1,450 zilichagua wanawake 82 tu, na 2017 wakawa 96. Sasa hao wa kuongezwa watu huwaitaje? Bonga points, kama zile pointi za bure za Safaricom. Hana wadi, hana pesa za wadi, hana ofisi ya kukaribisha watu. Na majina hutoka wapi? Mmoja ninayemjua ni shemeji ya mwenye chama, mwingine alikuwa akipanga maua kwenye mikutano. Sisi tuliobeba vikundi vya akina mama tangu enzi za chama kimoja tulisikia majina redioni kama kila mtu. Kwa hiyo idadi tulipata. Uwezo hatukupata. Mkifanya vivyo hivyo kwa Baraza, mtapewa wanawake nane wenye wizara zisizo na bajeti na Hazina ibaki kwa haohao.

Wakili wa mashinani: Naongeza mawili. La kwanza, mwanzilishi ameipamba sana Tume ya Mahakama. Mwaka 2019 ilipeleka majina 41 Ikulu yakakaa huko. Juni 2021, mmoja wa hao 41 akiwa ameshafariki, Rais aliteua 34 akawaacha 6, mmoja wao mwanamke, na hao wakasubiri hadi rais mwingine alipoingia Septemba 2022. Usaili wa wazi hausaidii kitu kama mwenye kalamu anaweza kulala na karatasi. La pili, unamtaka Spika arudishe orodha isiyotimiza theluthi. Spika yupi? Wa Bunge ambalo lenyewe lina wanawake wachache mno? 29 wa majimbo na wawakilishi wanawake 47 wa kaunti ni 76. Hata ukiwaongeza wa kuteuliwa wote 12, huifikii 117 inayotakiwa kati ya wabunge 349. Atamnyoshea Rais kidole kwa mkono gani?

Mwanzilishi: Mama wa Bahati, hilo la wizara ni kweli na silijibu kwa hesabu. Ningependa orodha isomwe pamoja na bajeti ya kila wizara, watu waone mwanamke amepewa nini. Lakini hadithi ya shemeji inanipa nguvu zaidi: tatizo la kaunti ni kwamba majina huandikwa chumbani na mwenye chama. Wangetangaza nafasi na kuhoji hadharani, wewe na vikundi vyako mngeomba.

Wakili, hata kwa majina 41 tulijua nani ameachwa na nani amemwacha. Kwenye Baraza hujui nani alikuwa wa nane akakatwa usiku. Na kama Spika hana mkono safi, korti ipo. Uamuzi wa Onguto unasomeka. Wa kupinga orodha aende Mahakama Kuu ya Milimani, Nairobi, siku inayotangazwa, asingoje waapishwe, maana wakishaapishwa jaji yeyote ataogopa kuacha nchi bila mawaziri.

Mkazi wa Ukunda: Haya. Na Rais wa 2027 akileta mawaziri 22, wanawake 15, mtakimbia Milimani pia?

Mwanzilishi: Ndiyo. Kumi na nne ndiyo mwisho. Nitakupigia tukutane getini.