Elektra, Oedipus Rex au Lear? Naomba ushauri kabla tiketi hazijaisha

Mlowezi: Wakuu, nataka kukata tiketi ya opera leo. Zipo tatu, zote zimetokana na tanzia za zamani: Elektra ya Strauss, Oedipus Rex ya Stravinsky, Lear ya Reimann. Nichukue ipi?

Kobe Mzee: Bajeti? Umewahi kuona opera? Unaenda na nani? Funguka mkuu, sisi si waganga.

BintiTanga: Elektra. Tangu ilipooneshwa mara ya kwanza Dresden, Ujerumani, 1909, haijachuja. Orkesta ya watu zaidi ya mia, na yule dada Elektra mwenyewe akishaingia jukwaani hatoki tena.

Kobe Mzee: Mwambie pia haina mapumziko. Mimi treni ilichelewa, nikafika dakika nne baada ya milango kufungwa. Mhudumu akatikisa kichwa tu. Nikakalishwa kwenye korido mbele ya kiruninga chenye sauti ya mbu: mwanamke anafumbua mdomo, anafumba. Saa moja na dakika arobaini! Mke wangu alikuwa ndani, akatoka analia kwa raha. Wote wawili sijawasamehe, yeye na treni.

Nahodha77: Oedipus, dakika kama hamsini tu. Wanaimba Kilatini, kwa hiyo hata wenyeji wanatoa macho kama wewe. Msimulizi ndiye anayeeleza kisa kwa lugha ya watazamaji. Ukisoma kwanza Mfalme Edipode, tamthilia yenyewe kwa Kiswahili, tafsiri ya Mushi, hata huyo humhitaji.

BintiTanga: Waimbaji wamesimama kama sanamu, hiyo ni ibada ya Jumapili.

Nahodha77: Stravinsky alitaka wasimame hivyo, dada. Ndiyo maana akaiita opera-oratorio; oratorio ni kisa kinachoimbwa bila kuigizwa.

Mwalimu_wa_Zamu: Mnaisahau Lear. Munich, 1978, imeandikwa kwa sauti ya mwimbaji Fischer-Dieskau. Mtunzi Verdi naye alitamani miaka mingi kuigeuza opera tamthilia hiyo ya Shakespeare, asiiandike. Ile dhoruba inakuingia mifupani. Ila wimbo wa kwenda kuimba bafuni hupati.

Mlowezi: Samahani, sikusema. Ndiyo mara yangu ya kwanza. Yuro 40 kwa kichwa. Naenda na mama mkwe.

Kobe Mzee: MAMA MKWE? Elektra binti anashangilia mama yake akiuawa!

BintiTanga: Na Oedipus kaoa mamaye. Bora yangu.

Mwalimu_wa_Zamu: Lear mzee anafukuzwa na mabinti zake. Chagua ujumbe unaotaka umfikie.

Nahodha77: Atavaa nini lakini? Kitenge kinaruhusiwa?

BintiTanga: Kwani nani akizuie? Mimi nilivaa, nikapigwa picha kuliko waimbaji.

Mlowezi: Elektra zimebaki mbili, safu tofauti.

Kobe Mzee: Mbali kiasi gani?