Mrejesho: kiwanja cha michezo cha mtaa wetu, Dodoma

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Niliwauliza tufanyeje ili kiwanja cha wazi cha mtaa wetu kiwafae watoto, vijana na wazee, si bembea mbili tu. Wengi mlinijibu: anzeni na kivuli. Mlikuwa sahihi kabisa.

Nilishinda pale siku nzima kuangalia. Saa saba mchana bati la mtelezo halishikiki kwa joto. Watoto wote wako chini ya mkwaju wanacheza mdako. Basi mtelezo tumeuhamishia mkwajuni, tukapanda na miarobaini sita, maana inauvumilia ukame wetu. Mvua zikikata Aprili, kaya za jirani zitamwagilia kwa zamu hadi zirudi Desemba. Chini ya bembea tumeondoa kokoto, tukamwaga mchanga laini wa kina cha sentimita 30.

Wazee wamepata benchi na meza ya bao, mahali wanapowaona wajukuu.

Wasichana ndio tuliowasahau. Mpira wa wavulana ulikuwa unameza uwanja mzima, wao wamesimama pembeni. Tulipowauliza, walitaka sehemu ya rede tu. Wamepata, na sasa hata mama zao wanaingia kucheza jioni!

Kilichoniuma ni bibi mmoja wa kiti cha magurudumu, alikwama mchangani pale mlangoni. Wiki hiyohiyo tulichanga saruji, tukasakafia njia hadi kwenye meza ya bao.

Choo bado. Mwenyekiti wa mtaa amelipeleka ombi kwenye kata, tunasubiri.