Tesla Model 3, BMW iX3 au Audi e-tron: mota ipi ni bora kwa nguvu na kwa chaji?

Msambaa_wa_Mjini: Wakuu, habari za wikendi. Dizeli nimeshaiuza, hela ipo, na wakala wangu Uingereza anataka jibu wiki hii. Ana magari matatu ya umeme, yote usukani kulia: Model 3 ya mota mbili, iX3 na e-tron 55. Nasikia kila moja lina mota ya aina yake. Nataka lenye nguvu na lisilokula chaji. Nichukue lipi?

Kisiki_cha_Mpingo: Mkuu, swali lako nusu. Unaishi wapi, unatembea njia gani, nyumbani una fezi moja au tatu? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia gari analolipenda yeye.

Mama_Tumaini: Na ya vumbi inahusika? Model 3 iko chini sana, kwa rasta za kwetu ningeiondoa mapema.

FundiUmeme_Tanga: Wakati tunamsubiri mwenye uzi, nieleze mota. Mota ya nyuma ya Model 3 ina sumaku za kudumu ndani ya rota, yaani sehemu inayozunguka. Uga wa sumaku upo tayari, huulipii umeme, kwa hiyo kwenye foleni na mwendo wa kawaida inabana matumizi kuliko nyingine. Ubaya wake ni kwamba ukiachia mafuta sumaku zinaendelea kuzunguka mbele ya chuma cha stata, sehemu isiyozunguka, na kuivuta gari kidogo. Ndiyo maana mota ya mbele wakaweka ya induksheni, isiyo na sumaku za kudumu: ukiikatia umeme inazunguka bure. E-tron ni induksheni mbele na nyuma. Rota haina sumaku, umeme unaingizwa humo na stata, na umeme huo unaleta joto kwenye rota yenyewe, ndipo upotevu ulipo. iX3 ina rota ya koili inayolishwa umeme kwa brashi, vipande vinavyoigusa ikizunguka. Kompyuta inaongeza au kupunguza nguvu ya uga kadiri unavyokanyaga. Kwangu huo ndio ufundi mzuri kuliko yote matatu.

Baharia_Mkinga: Brashi tena? Brashi si zinaisha?

FundiUmeme_Tanga: Zinalika taratibu, lakini zimefungiwa chumba chake, vumbi haliingii. Renault Zoe imetembea na mfumo wa namna hiyo miaka mingi.

Msambaa_wa_Mjini: Samahani wadau. Naishi Mbezi, kazini Posta, nyumbani fezi moja. Kila mwezi napanda Lushoto kwa wazee, na kurudi buti linajaa viazi na karoti. Vumbi ni kipande kifupi tu.

Kisiki_cha_Mpingo: Sasa tunaongea. Kutoka Mombo hadi Lushoto unapanda karibu mita 1,000. E-tron ina tani 2.5, kuipandisha tu kimo hicho ni uniti (kWh) karibu 7 za betri, bado msuguano na upepo. Model 3 haifiki tani 1.9, ni uniti 5 hivi. Kwenye lami e-tron hupita uniti 22 kwa kilomita 100, Model 3 inacheza karibu na 16. Tofauti hiyo usiibebeshe mota peke yake. Uzito na umbo la bodi ndivyo vinavyokula zaidi.

FundiUmeme_Tanga: Kweli, ila mlima mrefu ni habari ya joto pia. Audi wamepitisha maji ya kupoozea mpaka ndani ya shafti ya rota. Unakanyaga kona zote za Soni, njiani kwenda Lushoto, na nguvu haishuki.

Mama_Tumaini: Kushuka je? Breki zangu za Noah zilinuka moshi pale Soni.

Kisiki_cha_Mpingo: Mota inageuka jenereta, inashika gari na kurudisha chaji. Ila msijaze betri asilimia 100 huko juu. Ikijaa haina pa kupokea, mzigo wote unarudi kwenye breki.

Baharia_Mkinga: Niwaeleze yaliyonikuta, maana mnajadili mota kama vile zinakuja mpya. Niliagiza gari la umeme la mtumba, jina naliacha. Likifika 60 linalia wuuu, ukiongeza mwendo sauti inapanda nayo. Fundi wa kwanza akasema beringi ya gurudumu, tukabadilisha mbili, sauti ipo pale pale. Wa pili akasema tairi. Wa tatu ndiye aliyefungua boliti ya oili ya giaboksi: oili nyeusi tii, na kwenye sumaku ya boliti unga wa chuma unameremeta. Beringi ya shafti ya mota ilikuwa na mistari myembamba iliyopangana kote ndani. Akanieleza ni umeme wa inveta, kifaa kinachobadili umeme wa betri uendeshe mota, unaoruka kupitia beringi na kuichoma kidogo kidogo. Aliyeniuzia alikuwa amenihakikishia kwamba gari la umeme halina oili. Nilikaa miezi bila gari nikisubiri kipuri. Iwe sumaku, iwe koili, dai oili ikaguliwe kabla ya kulipa.

FundiUmeme_Tanga: Pole sana. Hiyo hutokea pale njia ya kupeleka umeme huo kwenye bodi ikiwa mbovu.

Mama_Tumaini: Hizo sumaku joto la Dar haliziui?

FundiUmeme_Tanga: Hapana dada. Zimetengenezwa kuhimili joto kubwa kuliko la maji yanayochemka. Madini yake, neodimiamu, tunayo Ngualla kule Songwe, leseni ya uchimbaji ilitoka 2023.

Kisiki_cha_Mpingo: Na thamani yote iko kwenye kuyasafisha. China ndiyo imeshika kazi hiyo. Tukiuza mchanga, sumaku tutainunua ndani ya gari la mtu mwingine.

Baharia_Mkinga: Kiwanda cha kusafisha kinataka maji, kemikali na umeme mwingi. Mabaki yake mtayamwaga wapi?

Kisiki_cha_Mpingo: Fungua uzi wake, hilo ni zito na linastahili.

Msambaa_wa_Mjini: Wakuu, nimeanza kuegemea iX3, ila ina mota moja ya nyuma. Lushoto mvua za masika tope lake mnalijua.

Mama_Tumaini: Chukua e-tron.

Kisiki_cha_Mpingo: Mwenye fezi moja na tani 2.5? Kuichaji nyumbani utasubiri sana. Kwanza tuwekee picha ya ripoti ya afya ya betri za yote matatu.

Msambaa_wa_Mjini: Wakala katuma ya iX3 tu. Nimemwambia zile mbili nazisubiri, pamoja na picha ya oili.